Gaidi Kabla na Baada ya Sheria

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Sisi wa Kirumba tumekua tukisimuliwa msiba huo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kati ya mamia waliokufa alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Siku ile Tanzania haikuwa na sheria maalumu ya ugaidi. Kwetu alizama abiria tu.

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zikalipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Dar walikufa watu 11. Mtanzania aliyefikishwa Mahakama Kuu alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2004 akaachiwa huru. Swali lilikuwa la kawaida: nani aliua, na ushahidi uko wapi?

Baada ya Septemba 11, 2001, Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama liliagiza kila nchi iadhibu ugaidi, bila kueleza ugaidi ni nini. Bunge letu likajaza pengo hilo kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Kifungu cha 4 hakiishii kwenye kitendo. Kinatazama pia nia, kama vile kuwatisha wananchi au kuishurutisha serikali. Kifungu hichohicho kinayatoa maandamano na migomo inayovuruga huduma, mradi haikukusudiwa kujeruhi, kuharibu mali au kuhatarisha maisha.

Mtaani neno halina kifungu. Kwa wazee gaidi ni mnyang'anyi wa porini. Huku mwaloni hata anayepunja vipimo vya dagaa huitwa hivyo, na watu wakacheka. Likitamkwa na polisi, mtu analala mahabusu.

Julai 2021 Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa hapa Mwanza usiku wa kuamkia kongamano la katiba, kisha akashtakiwa kwa ugaidi. Alikana. Februari 2022 mahakama ikasema ana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa. Wengi walishusha pumzi. Kwangu mimi msomaji wa historia, kilichokosekana ni hukumu. Nia haionekani kwa macho. Hupimwa kwa ushahidi mbele ya jaji. Kesi ikikatika kabla ya hapo, kila mtu anabaki na gaidi wake, au shujaa wake, kwa kufuata chama.