Jinsi ya kumtengenezea paka vichezeo vya mnanaa kwa mabaki ya nguo

WAHENGA walisema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Methali hiyo hutumiwa kwa binadamu wasioacha tabia zao, lakini inaeleza pia maumbile ya mnyama mwenyewe.

Paka aliyeshiba haachi hamu ya kunyemelea, kurukia na kuuma. Katika boma la mashambani, hamu hiyo huishia ghalani na vichakani. Katika nyumba ya kupangisha ghorofani jijini Nairobi au Mombasa, ambako mlango hufungwa tangu asubuhi hadi jioni, huishia kwenye makochi, mapazia na miguu ya wenye nyumba.

Wengi humwona paka wa aina hiyo kuwa mtundu, wakamchapa au kumtelekeza sokoni. Aghalabu kinachomsumbua ni kukosa kitu cha kuwinda.

Kichezeo kilichotiwa majani makavu ya mnanaa wa paka ni mojawapo ya njia rahisi za kumpa mnyama huyo windo lisilo na damu. Kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa soksi kuukuu, sindano na uzi. Hata hivyo, kichezeo kilichoshonwa ovyo kinaweza kumuua paka, hivyo anayekitengeneza hana budi kujali uimara wa mshono kuliko urembo wake.

Mmea wenyewe

Mnanaa wa paka, ambao jina lake la kitaalamu ni Nepeta cataria, ni wa jamii moja na mnanaa wa chai, mrehani na kivumbasi. Asili yake ni Ulaya na Asia, na baadaye ulienea Amerika Kaskazini. Hukua hadi kufikia kimo cha karibu mita moja, una majani yenye malaika ya rangi ya kijivu na maua madogo meupe yenye madoa ya zambarau.

Kinachomvutia paka ni kemikali iitwayo nepetalaktoni, iliyomo katika mafuta ya majani hayo. Samuel McElvain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mafuta hayo mwaka wa 1941.

Paka akiinusa harufu hiyo hulamba majani, husugua mashavu, hugaagaa chini na pengine kudondosha mate. Hali hiyo hudumu kwa dakika 5 hadi 15 hivi. Baadaye hutulia, na huhitaji muda wa takriban saa moja au zaidi kabla ya harufu hiyo kumsisimua tena.

Si kila paka anayeathiriwa. Neil Todd, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1962, alionyesha kwamba tabia hiyo hurithiwa. Takriban paka wawili kati ya kila watatu huvutiwa na mmea huo. Watoto wa paka huwa hawajali harufu hiyo hadi wafikishe umri wa kati ya miezi mitatu na sita.

Je, ni kileo?

Baadhi ya watu huhofia kwamba wanamlevya mnyama wao. Hofu hiyo haina msingi, kwani paka hawi mtumwa wa mmea huo na hauachi madhara ya kudumu. Akila majani mengi mno anaweza kutapika au kuharisha, kisha akapona.

Watafiti wa Japani wakiongozwa na Masao Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Iwate walitoa maelezo mapya mwaka wa 2021. Waligundua kwamba harufu ya mmea wa matatabi, ambao huwasisimua paka kwa namna iyo hiyo, huongeza katika damu ya paka kemikali asilia za mwili zinazoleta raha. Aidha, paka waliojisugua kwa kemikali ya mmea huo walivamiwa na mbu wachache zaidi.

Yamkini, basi, kile kinachoonekana kuwa mchezo ni njia ya kale ya paka kujikinga dhidi ya wadudu. Mafuta ya mnanaa wa paka nayo yamechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kuwa yanafukuza mbu aina ya Anopheles gambiae, ambaye hueneza malaria barani Afrika, pamoja na kupe wa masikio anayewasumbua ng'ombe.

Kuupanda na kuukausha

Mmea huu unaweza kupandwa katika kopo au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini ili maji yasituame. Mbegu zake ni ndogo sana, kwa hivyo hufunikwa kwa udongo mwepesi tu. Huchipuka baada ya wiki moja au mbili.

Hupenda jua la kutosha na hewa isiyo ya joto kali, hali inayofanana na ile ya nyanda za juu. Anayeishi Pwani anashauriwa kuuweka mahali penye kivuli wakati wa adhuhuri. Kopo liwekwe asikofika paka, la sivyo ataulalia mche na kuuvunja kabla haujakomaa.

Matawi hukatwa maua yanapoanza kuchanua, kwani wakati huo harufu huwa kali. Yafungwe vifungu vidogo na kuning'inizwa kichwa chini, kivulini, mahali penye hewa, kwa wiki moja au mbili. Jua kali hupoteza harufu. Majani yakishakauka huchambuliwa na kuhifadhiwa katika chupa yenye kifuniko kinachobana.

Anayenunua mbegu au majani ahakikishe kwamba jina Nepeta cataria limeandikwa kwenye pakiti. Yako mafuta ya mimea yanayouzwa katika vichupa kwa ajili ya manukato. Hayo hayafai kumpaka paka wala kutiwa katika kichezeo chake, kwa kuwa mengi kati yake ni sumu kwake.

Kichezeo cha soksi

Hiki ndicho rahisi kuliko vyote, nacho hakihitaji sindano.

Chukua soksi ya mtoto ya pamba iliyofuliwa na kukauka. Jaza sehemu ya vidole kwa vipande vya kitambaa laini vilivyochanganywa na vijiko viwili vidogo vya majani makavu. Vifinye majani kidogo kwa vidole kabla ya kuyatia ili harufu itoke.

Funga fundo kwa soksi yenyewe, ulikaze sana, kisha ukate sehemu inayobaki ikiwa ndefu. Usifunge kwa uzi, utepe wala mpira.

Kifuko cha kushona

Kata vipande viwili vya kitambaa kigumu, kama vile jinzi kuukuu, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 8. Viweke pamoja, upande wa nje wa kimoja ukitazamana na upande wa nje wa kingine.

Shona kuzunguka pande zote ukiacha nafasi ya sentimita tatu. Rudia mshono huo mara ya pili. Kigeuze kifuko, ukijaze vitambaa na vijiko viwili vidogo vya majani, kisha ushone nafasi iliyoachwa kwa mishono midogo iliyokaribiana. Mafundo ya uzi yafichwe ndani.

Anayetaka umbo la panya anaweza kukata kitambaa kwa umbo hilo, lakini asikitie vifungo au shanga kama macho. Macho yachorwe kwa mishono michache iliyokazwa. Mkia uwe utepe mfupi wa kitambaa hicho hicho ulioshonewa ndani ya mshono mkuu.

Kwa paka mkubwa, kifuko cha urefu wa sentimita 25 hadi 30 kinafaa zaidi. Atakikumbatia kwa miguu ya mbele na kukipiga mateke kwa miguu ya nyuma, kama afanyavyo anapopambana na windo.

Kibomba cha karatasi

Karatasi ya chooni ikiisha, kibomba kigumu kinachobaki kinaweza kutumiwa pia. Toboa matundu madogo kando yake, tia majani kijiko kimoja kidogo, kisha kunja ncha zote mbili kwa ndani. Paka atakizungusha sakafuni akitafuta harufu inakotoka. Kikianza kuraruka kitupwe.

Hatari za kuepukwa

Adui mkubwa ni uzi. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea kooni, hivyo uzi ukishamwingia mdomoni huwa vigumu kuutema, na huishia kuumeza. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo hujikunja kuufuata uzi huo na unaweza kukatika. Paka wa namna hiyo huhitaji upasuaji wa haraka.

Dalili ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kujificha na kulegea. Iwapo uzi unaonekana ukining'inia mdomoni au sehemu ya haja kubwa, usiuvute. Mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo mara moja.

Kwa sababu hiyo, sindano, mabaki ya nyuzi, sufi ya kufumia na mipira ya kufungia noti vihifadhiwe mbali mara tu kazi ya ushonaji inapomalizika. Mifuko ya plastiki, karatasi za fedha za kufungia chakula na vipande vya sponji pia si vya kuchezea.

Nguo kuukuu zilizohifadhiwa kabatini pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo zisitumiwe, kwani vidonge hivyo vina sumu kwa paka. Nguo nyingine zote zifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa vyema.

Kabla ya kumpa paka kichezeo, vuta kila mshono kwa nguvu za mikono yote miwili. Ukifumuka mikononi mwako, utafumuka menoni mwake. Vikaguliwe kila wiki, na kile kilichotoboka kirekebishwe au kitupwe.

Namna ya kukitumia

Kichezeo cha mnanaa kisiachwe sakafuni daima, kwa maana paka hukizoea na kukipuuza. Mpe mara mbili au tatu kwa wiki, kisha kirudishe katika chupa ya majani ili kivute harufu upya. Majani ya ndani yabadilishwe harufu inapofifia.

Nyumba yenye paka zaidi ya mmoja huhitaji kichezeo kwa kila mmoja. Baadhi yao huwa wakali harufu hiyo inapowapanda, na wanaweza kupigana wakigombea kifuko kimoja.

Je, kama paka wako ni miongoni mwa wale wasiojali mnanaa? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 kuhusu paka 100 ulionyesha kuwa karibu 80 kati ya kila 100 walivutiwa na matatabi, na takriban nusu walivutiwa na mzizi wa mmea wa valeriana. Wengi wa waliopuuza mnanaa waliitikia matatabi.

Hata bila mmea wowote, mpira wa karatasi iliyofinyangwa au sanduku tupu la katoni humfurahisha paka. Kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo na kuburutwa na mwenye nyumba hufanya kazi vilevile, mradi kiwekwe kabatini mchezo unapokwisha.

Faida ya mchezo huo haimhusu paka peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliripoti mwaka wa 2021 kwamba paka waliochezeshwa kwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25 idadi ya wanyama waliowawinda na kuwaleta nyumbani. Hiyo ni nafuu kwa ndege na mijusi wa mtaani.

Wakati mwafaka ni jioni, kabla ya chakula. Kiburute kichezeo sakafuni polepole, kifiche nyuma ya mguu wa meza, kisha umwache paka akikamate. Akishakamata na kukiuma, mpe chakula chake. Paka aliyewinda, akala na kujilamba kwa kawaida hulala, na mapazia husalimika.