Mswahili ni Nani? Swali la Mtafiti na Jibu la Msailiwa



Swali la "Mswahili ni nani?" limeulizwa mara nyingi katika taaluma yetu. Leo sikusudii kulijibu. Ninakusudia kuchunguza ni nani aliyekuwa akiliuliza, na muulizwaji alikuwa na nini cha kupoteza alipojibu.

Tuanze na sensa za Zanzibar. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu waliojitaja kuwa Waswahili ilishuka mno. Kufikia sensa ya 1948, jina hilo lilikuwa karibu kutoweka daftarini. Umati huo haukufa wala haukuhama. Wengi walihesabiwa kuwa Washirazi, Wahadimu au Watumbatu. Sababu haiko mbali. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na baada ya hapo jina la Mswahili lilizidi kunasibishwa na watu wa asili ya utumwa. Aliyetaka kuhesabiwa kuwa mwenyeji kamili wa visiwa alichagua jina jingine. Hivyo basi, karani wa sensa hakuandika nasaba tu. Aliandika pia hofu na matumaini ya mtu aliyesimama mbele yake.

Kwa muda mrefu wanahistoria walizisoma takwimu hizo kana kwamba ni hesabu ya minazi. Mabadiliko yalikuja pale masimulizi ya mdomo yalipokubaliwa kuwa ushahidi, hasa baada ya kitabu cha Jan Vansina cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo simulizi. Kwa upande wa pwani, mfano bora ni kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel, iliyochapishwa mwaka 1989, inayokusanya masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Miongoni mwao, Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, naye Mishi wa Abdala alikuwa mzao wa watumwa. Wote wawili ni Waswahili wa mji mmoja. Lakini harusi ileile, unyago uleule, kila mmoja aliutazama kutoka mlango wake. Daftari la sensa lisingeweza kuionyesha tofauti hiyo, wala lisingeonyesha jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyowakutanisha wanawake wa nasaba mbalimbali.

Kutokana na mfano huu tunapata fundisho la mbinu. Mtafiti anayefungua daftari na kuuliza, "Kabila lako nani?" anarudia kazi ya karani wa mkoloni, hata kama nia yake ni njema. Jibu atakalopewa hutegemea ni nani mwingine aliyeketi barazani: jirani, mkwe, au mjukuu asiyejua habari za bibi yake. Ni afadhali aulize juu ya mambo yaliyotendwa: nani alipika harusini, nani alikaa wapi, nani aliruhusiwa kuvaa nini, nani alizikwa makaburi gani. Utambulisho hujitokeza humo bila kuitwa.

Hata hivyo, lipo suala zito kuliko mbinu. Mombasa, hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907. Wajukuu wa walioachwa huru wangali miongoni mwetu. Kumfichua mtu aliyejichagulia jina kwa taabu ni kumrudisha alikotoroka. Lakini kuunyamazia utumwa kabisa ni kuwaachia wazao wa mabwana historia yote waisimulie peke yao.

Mabibi na Mabwana, rai yangu ni kwamba ukimya wa msailiwa nao ni jibu, na una haki ya kuandikwa kama ukimya. Mtafiti aeleze ni wapi sauti ilikoma, bila kuijaziliza kwa maneno yake. Akifanya hivyo, historia itabaki kweli, naye mwenyeji atabaki na heshima yake.