Zahanati ya Kale, Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Jiwe la msingi la jumba hili liliwekwa mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia mwenye asili ya India, alikusudia liwe hospitali ya maskini. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na mjane wake akaendeleza ujenzi hadi 1894. Mwaka 1900 likauzwa kwa wasimamizi wa mali ya Haji Nasser Nurmohamed: chini pakawa zahanati ya hisani, juu nyumba za kuishi. Hivyo nia ya tajiri wa kwanza ilitimizwa na mali ya mwingine, na ndiyo maana twasema kuwa jumba hili limeishi kwa matumizi yake, si kwa utajiri wa aliyelijenga.

Wapo watakaosema kilicholiokoa ni uzuri wake: roshani za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi. Uzuri huo kweli uliwavutia waliolikarabati. Lakini roshani zilikuwapo pia baada ya Mapinduzi ya 1964, jumba lilipoachwa bila watumiaji, na bado likachakaa vibaya. Katika miaka ya 1990, Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ililikarabati na kulipa kazi mpya. Nakshi huleta watazamaji. Kinacholinda jengo ni watu wanaolihitaji kila siku. Hilo lizingatiwe kwa kila jumba la Mji Mkongwe linalosubiri ukarabati.