Kukatwa Tumbo Si Njia ya Mkato

Staa akipungua ghafla, lazima mtu aseme: "Huyo amekatwa tumbo tu, hajatoa jasho." Ati ni uvivu. Enyewe hata mimi nilikuwa nasema hivyo, mpaka nikasoma historia ya huu upasuaji.

Tuanzie Marekani, 1954. Madaktari Kremen na Linner wa Minnesota waliripoti operesheni ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo mdogo, ili mwili usifyonze chakula chote. Uzito ulishuka, ndiyo. Lakini wagonjwa waliharisha vibaya, wengine wakapata mawe kwenye figo, wengine ini likafeli. Mwishowe operesheni hiyo ikaachwa. Sasa niambie, ni mvivu gani huyo anayekubali kupitia hayo yote?

1966, kule Iowa, daktari Edward Mason akaja na njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba watu waliotolewa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hupungua uzito. Basi akagawanya tumbo, akabakisha kamfuko kadogo juu, akakaunganisha na utumbo. Hiyo ndiyo baipasi, na bado inafanywa leo ikiwa imeboreshwa sana.

Halafu kuna sehemu iliyonishtua. 1995, daktari Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitoa matokeo ya wagonjwa 608 wa baipasi. Wengi waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, sukari yao ilirudi kawaida, tena ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujashuka sana. Kumbe shida haikuwa ukubwa wa sahani pekee.

1999, wanasayansi wa Japani wakagundua grelini, homoni ya njaa inayotengenezwa hasa tumboni. Operesheni maarufu zaidi siku hizi, ile inayobakisha tumbo jembamba kama ndizi, huondoa sehemu kubwa inayoitoa. Yaani njaa pia ni kemia, si tabia tu.

Sisemi kila mtu akimbilie kisu. Ni ya watu ambao unene umeshakuwa ugonjwa, ina hatari zake, utameza vitamini maisha yote, na uzito unaweza kurudi.

Lakini mtu akifanyiwa upasuaji wa moyo, hatumwambii angejikaza tu. Mbona huyu tunamwambia?