FIRAUNI, SHANGA ZA KIBITI NA SWALI LA KIJANA WA MBWARA



Ndugu zangu, kijana mmoja wa Mbwara, huko Rufiji, ameniandikia faragha. Anasema amekuwa akisikiliza kwenye simu mihadhara ya wataalamu kuhusu Misri ya kale: piramidi, makaburi ya wafalme, picha zilizochorwa kutani. Mzee mmoja akamwambia anaharibu dini yake kwa kutazama masanamu ya makafiri, naye akaacha. Lakini kilichonifanya nikae kitako niandike ni swali lake la mwisho. Wenzake wameona mahali penye vigae na shanga za zamani, wanataka kwenda kuchimba usiku, na wamemwambia hiyo ni rikazi, mali iliyofukiwa, dini imeihalalisha. Anauliza: "Sheikh, niende nao?"

Tuanze na mihadhara. Allah Subhaanahu wa Taala ametuamrisha katika Qur'an, si mara moja, tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Sasa utatazamaje usichokijua? Katika Surat Yunus tumeambiwa mwili wa Firauni utaokolewa uwe ishara kwa wanaokuja nyuma yake. Ishara hutazamwa, ndugu yangu, haifungiwi macho.

Na ujinga wa mambo haya una hasara yake. Mara ngapi umetumiwa kwenye magrupu ule ujumbe kwamba maiti ya Ramses wa Pili ilikutwa baharini? Mimi nimetumiwa hata na maimamu. Si kweli. Ilitolewa mwaka 1881 katika pango la mlimani, upande wa pili wa mto kutoka Luxor, ambako makuhani wa kale waliwaficha wafalme wao wengi pamoja ili wezi wa makaburi wasiwafikie. Qur'an haikumtaja Firauni wa Nabii Musa kwa jina lake, wala wanaakiolojia hawajakubaliana ni yupi. Ukimhubiria mtu uongo kwa nia ya kuitetea Qur'an, siku akiujua ukweli atakushuku hata katika yaliyo sahihi. Qur'an haihitaji msaada wa namna hiyo.

Aliyehudhuria mhadhara mzuri atajua pia kwamba neno Firauni asili yake lilikuwa na maana ya nyumba kubwa, yaani kasri, na lilikuja kutumiwa kwa mfalme mwenyewe katika zama zile wanazoziita Ufalme Mpya. Kisha asome Surat Yusuf aone mtawala wa Misri anaitwa mfalme tu, halafu asome kisa cha Musa aone anaitwa Firauni. Atafakari mwenyewe.

Waislamu wa mwanzo hawakuviogopa vitu hivi. Amr ibn al-As, radhi za Allah ziwe juu yake, aliiingiza Misri katika Uislamu na akajenga mji wa Fustat, ambapo ng'ambo ya Nile mapiramidi yanaonekana. Hakuyabomoa. Aliyejaribu ni mtoto wa Salahuddin, al-Malik al-Aziz, mwaka 593 Hijria. Wafanyakazi walihangaika miezi minane na piramidi ndogo kuliko zote tatu, wakitoa jiwe moja au mawili kwa siku, mpaka wakashindwa wakaondoka. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni, aliyaona hayo kwa macho yake na akayaandika kwa masikitiko. Huyohuyo alisimama mbele ya sanamu la Abul-Haul akastaajabia uso wake ulivyopimwa vizuri. Je, aliliabudu? Abadan. Alilitazama kama mtu mwenye elimu anavyotazama. Na mwaka 2021 maiti 22 za kifalme, Ramses akiwemo, zilihamishiwa makumbusho mapya yaliyoko Fustat hiyohiyo.

Sasa njoo nyumbani, maana nadhani kijana wetu hajui kwamba Misri ilikwisha fika karibu na kwao.

Katika karne ya kwanza Miladia, zaidi ya miaka 500 kabla ya Mtume wetu (S.A.W.) kuletewa wahyi, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kigiriki, alieleza safari za vyombo kutoka Bahari ya Sham hadi pwani yetu. Soko la mwisho kabisa akaliita Rhapta. Anasema jina limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Huko walinunua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wakaleta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Anaeleza pia kwamba Waarabu wa Muza, huko Yemen, walikuwa wakija, wakijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Kwa hiyo udugu wetu na Yemen umeutangulia hata Uislamu.

Rhapta ilikuwa wapi? Bado wanajadiliana, lakini wengi wameelekeza kidole delta ya Rufiji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu, pale Kibiti, akapata shanga za kioo zilizotiwa dhahabu au fedha ndani, na mwaka 1999 akaandika kuwa ni za biashara ya zama za Warumi. Wapo wanaosema Misri ya mafirauni nayo ilifika kwetu, kwamba nchi ya Punt ni huku. Hapo mimi sijaridhika. Ushahidi mwingi unaelekea Eritrea na Somalia. Lakini zile shanga zimetoka ardhini mwetu.

Na zina thamani kwa sababu aliyezitoa aliandika zilikuwa kina gani, pamoja na vigae vya namna gani. Shanga iliyochokolewa usiku kwa jembe ikauzwa kwa bei ya soda haiwezi tena kukuambia chochote.

Basi, ewe kijana, usiende nao. Rikazi waliyokutajia, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni dhahabu na fedha iliyofukiwa kabla ya Uislamu, ikapatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe, na khumusi yake, moja ya tano, hutolewa. Vigae na shanga za kioo si rikazi. Ardhi ya mtu ina mwenyewe. Panapokuwa na kaburi, Mtume (S.A.W.) amekwisha tufundisha uzito wa kuvunja mfupa wa maiti. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba. Waache wakutanie kwamba unaogopa majini.

Ulichokiona kiache palepale, ufukie kama mvua inakichimbua, kisha umweleze mwenyekiti wa kijiji awafikishie watu wa Mambo ya Kale. Mihadhara yako endelea nayo. Adhana ikilia, zima simu kwanza.

Wallahu aalam.