Neno Lisiloandikwa katika Katiba ya Marekani

Mwaka 1748 kilitolewa mjini Geneva kitabu cha Mfaransa Montesquieu, aliyepata kuwa hakimu. Yeye aliona ya kuwa hakuna binadamu awezaye kuaminiwa na uwezo wote. Basi mwenye kutunga sheria asiwe ndiye mwenye kuitimiza, wala mwenye kuhukumu asiwe mmoja wao.

Mafundisho hayo yalivuka bahari. Mwezi wa Mei 1787 wajumbe wa taifa jipya la Marekani walianza kukutana Philadelphia ili kuitengeneza serikali yao. Waliohudhuria walipata 55. Mmoja wao, James Madison wa Virginia, alikuwa amekwisha kuchunguza jinsi dola za kale zilivyoanguka. Hakutegemea wema wa watawala, bali alitaka tamaa ya huyu izuiliwe na tamaa ya yule. Ndiyo sababu Rais aweza kuikataa sheria ya Baraza, na Baraza nalo laweza kuipitisha tena kwa theluthi mbili za kura.

Twaisifu akili hiyo. Lakini Madison alikuwa na watumwa, naye alipokufa mwaka 1836 hakuwaacha huru. George Mason, naye bwana wa watumwa, alisimama mwezi wa Agosti akailaumu vikali biashara yao. Mwisho akakataa kutia sahihi, ingawa hasa kwa sababu nyingine.

Hapa yatupasa sisi wapenda lugha kuyapima maneno. Kiswahili husema *mtumwa* waziwazi, kutoka *kutuma*, hata neno hilo likawa ndugu yake *mtume*. Katiba ile yawahusu watumwa mahali patatu, wala haiwataji kwa jina lao. Katika kugawa viti vya Baraza ni watu wengine tu, watano wakihesabiwa watatu. Katika biashara, isiyoweza kupigwa marufuku na Baraza kabla ya 1808, ni watu waingizwao. Na aliyetoroka, ambaye lazima arudishwe, ni mtu apasaye kufanya kazi. Madison mwenyewe alisema mkutanoni si vema kukiri katika Katiba ya kuwa mtu aweza kuwa mali ya mtu. Basi jambo likabaki, jina likaondolewa, na tarehe 17 Septemba wajumbe 39 wakatia sahihi.

Neno *utumwa* liliingia katika Katiba mwaka 1865, baada ya vita vya miaka minne, katika badiliko la 13 lililoukomesha, isipokuwa uwe adhabu ya mkosaji aliyehukumiwa.