Majina ya Nyuma ya Pakiti

Nilikuwa darasa la tatu wakati Anti, yule aliyekuwa akitulea Umoja, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mbele ya TV. "Nani huyo anaongea Kikuyu?"

Kwa skrini kulikuwa na vita vya anga. Ilikuwa Return of the Jedi, DVD ya kuchomwa ya shilingi hamsini. Lando Calrissian alikuwa anaendesha Millennium Falcon, na kando yake amekaa kiumbe mwenye macho meusi makubwa na mashavu yanayoning'inia, anaongea huku anacheka. Mimi Kikuyu sikuwa nakijua. Nilidhani Anti ananichezea. Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha mara tatu, na kila mara alikuwa anacheka kabla yule kiumbe amalize kusema.

"Na anaitwa nani?"

Tukatazama hadi mwisho. Vita vizima, hakuna mtu anamwita kwa jina.

Jina analo: Nien Nunb. Filamu ilitoka Mei 1983, na aliyetaka kumjua alihitaji kusoma pakiti. Kampuni ya Kenner ilimtoa kama mwanasesere wa plastiki, na jina likachapishwa pale, mahali bei hukaa. Hadithi ilimhitaji aendeshe ndege tu. Aliyehitaji jina lake ni muuzaji.

Ukifuata historia ya Star Wars kwa njia hii utaona majina mengi yaliingilia mlango wa nyuma. Mfalme mwovu wa zile filamu tatu za kwanza haitwi jina hata mara moja, ni cheo tu. Lakini Novemba 1976, miezi kama sita kabla ya filamu ya kwanza, kitabu cha hadithi kilikuwa kishatoka, na kwenye utangulizi wake yumo Palpatine. Walioenda sinema bila kusoma walingoja hadi The Phantom Menace, 1999, ndipo mtu akalitamka. Na hicho kitabu chenyewe kina kituko chake: jaladani pameandikwa George Lucas, lakini aliyekaa chini akakiandika ni Alan Dean Foster.

Lucas alikubali malipo ya kawaida ya uongozaji akabaki na haki za bidhaa. Wakati huo ilionekana kama mtu kuachiwa makombo. Krismasi ya 1977 Kenner hawakuwa wamemaliza kutengeneza wanasesere, basi wakauza kadibodi yenye cheti: lipa sasa, wanasesere wanne watakuja kwa posta baadaye. Watu walinunua. Enyewe, ukiona mzazi analipia ahadi ya plastiki, unajua biashara imepata miguu.

Mashujaa wakaisha haraka, na rafu za duka bado zinataka kujazwa. Wakageukia ile baa ya Mos Eisley, ambapo viumbe wanapita kwa kamera sekunde mbili tatu na glasi zao. Mwenye kichwa kirefu kilichopinda akaitwa Hammerhead, yaani Kichwa-Nyundo. Mwenye meno ya kushuka akawa Walrus Man. Mwingine Snaggletooth, meno ya mshazari. Hayo si majina. Ni zile tulizokuwa tunabandikana primary: Kichwa, Meno, Masikio. Mtu alimwangalia kiumbe mara moja, akaandika alichokiona, akaenda lanchi.

Haraka hiyo ilikuwa na makosa yake. Kwenye The Empire Strikes Back, 1980, Darth Vader anawapanga mstari wawindaji wa kukodiwa, na wengi wao hawatajwi majina popote kwenye mazungumzo. Kenner wakawauza wawili, 4-LOM na Zuckuss, majina yakiwa yamebadilishana. Mtoto aliyenunua 4-LOM alipeleka nyumbani Zuckuss. Nani angewakosoa? Filamu yenyewe ilinyamaza.

Mimi waliyenifurahisha zaidi ni West End Games, ambao mwaka 1987 walitoa mchezo wa mezani wa kuigiza. Ukiwa mezani na wenzako huwezi kupigana na "yule wa kichwa kile". Lazima awe na kabila, ametoka sayari fulani, ana sababu ya kukuchukia. Basi wakaandika. Rodian, Twi'lek, Ithorian: majina ambayo mashabiki leo wanayasema kana kwamba yalikuwepo tangu siku ya kwanza yalipata nguvu kwenye vitabu vya sheria za mchezo. Timothy Zahn alipokuwa anaandika Heir to the Empire, riwaya ya 1991, alitumiwa vitabu hivyo avitumie kama msingi. Kichwa-Nyundo naye akaja kuwa Momaw Nadon wa Waithoria, mtu mzima mwenye historia yake. Hata yule jamaa anayekimbia Cloud City amekumbatia kitu kinachofanana kabisa na mashine ya aiskrimu (ni mashine ya aiskrimu) alipata jina, Willrow Hood, kupitia mchezo wa karata.

Kinachopewa nje ya hadithi kinaweza kuchukuliwa pia. Disney ilinunua Lucasfilm mwaka 2012, na Aprili 2014 riwaya zote hizo zikatolewa kwenye historia rasmi, zikabandikwa lebo mpya: Legends. Maisha ya watu kibao yalifutwa kwa tangazo moja.

Sauti ya Nien Nunb ni ya Kipsang Rotich, Mkenya. Jina la Rift Valley, Kikuyu safi mdomoni. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Lucas, alikuwa na mazoea ya kutafuta lugha ambazo masikio ya Marekani hayazijui: Wajawa walijengwa juu ya Kizulu, Greedo juu ya Kikwechua cha Andes. Kuna maandishi yanayosema Nien Nunb anaongea Kihaya cha Bukoba. Aliyeandika hivyo hakuwa na mtu kama Anti jikoni. Hesabu ilikuwa kwamba ukumbini hakutakuwa na mtu anayeelewa, na kwa Ohio hesabu hiyo ilikuwa sawa.

Mwaka 2015 Rotich alirudi na sauti ile ile kwenye The Force Awakens. Wakenya tulikuwa tunaongea juu ya Lupita Nyong'o, na tulikuwa na haki. Nilitoka sinema nikitaka kumpigia Anti. Sikuwa na namba yake. Alikuwa ameondoka kwetu nikiwa darasa la saba, bila hata kuagwa vizuri.

Namba niliipata mwaka jana kwa mamangu. Nikamtumia kitu kidogo kwa M-Pesa. Kabla pesa itoke, simu ikaniletea majina matatu nithibitishe, na hakuna hata moja nililowahi kulisikia nyumbani kwetu. Nikadhani nimekosea tarakimu. Nikakata, nikapiga.

"Anti, hii namba ni yako kweli? Inaleta jina lingine."

"Ni yangu," akasema. "Kwani ulikuwa unadhani naitwa nani?"